Rangi za Ndege Isiyoruka

Mtu huonekana kabla ya kusikika. Kwa sababu hiyo binadamu tangu kale ameipa nguo kazi kubwa kuliko ile ya kusitiri maungo. Joho lilieleza cheo, kilemba kilieleza elimu, kaniki ilieleza ufukara, na sare ya askari hueleza amri anayoitii mwenye kuivaa. Desturi hii ya mwili ilihamia katika vyombo. Mitepe ya Lamu, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ilichorwa macho katika omo, na hapana baharia aliyedhani kuwa ubao huona. Macho yale yalikuwa mavazi ya chombo. Ndege za abiria zilipokuja zilirithi desturi ile ile. Ndege mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja hufanana kama pacha mpaka zipakwe rangi. Zikisha kupakwa, moja huwa ya Ethiopia na nyingine huwa ya Ujapani, na msafiri aliyesimama uwanjani huamini mara moja kile anachoambiwa na mkia.

Katika zama hizi umezuka ufundi mwingine uliozaliwa na huo wa kwanza. Tangu programu ya Microsoft Flight Simulator ilipotolewa mwaka 1982, watu wa mataifa mengi wameweza kukaa majumbani mwao na kurusha ndege zilizo katika kioo cha kompyuta tu. Ndege hizo zilianza kama mistari michache iliyounganishwa. Leo zina vioo, milango, magurudumu na misumari ya kuhesabika. Lakini aghalabu hutolewa zikiwa na rangi za mashirika machache, na mwenye kutamani shirika jingine hana budi kuzipaka mwenyewe au kupewa na aliyekwisha kuzipaka. Hivyo limetokea kundi la wachoraji wasiojulikana kwa nyuso, ambao kazi yao ni kuzivika sare ndege zisizoruka.

Kazi yao si ya mchezo kama jina la mchezo linavyodhaniwa. Ngozi ya ndege hukunjuliwa na kutandazwa kama ngozi ya mbuzi inavyowambwa juani: ubavu wa kushoto upande mmoja, ubavu wa kulia upande mwingine, tumbo mahali pake, mabawa yamelazwa, mkia umekatwa vipande viwili. Mchoraji hupaka rangi juu ya ngozi hiyo bapa, kisha kompyuta huirudisha mwilini. Mstari ulionyoka katika ngozi bapa hupinda vibaya ufikapo puani mwa ndege, pale mwili unapochongoka. Basi mchoraji hana budi kuupinda kwanza ili unyoke baadaye. Herufi za ubavu wa kulia hazipatikani kwa kugeuza tu zile za kushoto, maana zitasomeka kinyumenyume. Rangi nyeupe ya shirika moja si nyeupe ya shirika jingine. Mtu mmoja huweza kukesha siku nyingi akitazama picha za zamani, akilinganisha mwinamo wa herufi moja, na baada ya kumaliza akaigawa kazi yake bure kwa watu asiowajua. Mfanyabiashara humwona mwendawazimu. Mwenye hekima huuliza kwanza ni kitu gani kinachompa mtu subira ya namna hiyo.

Swali la maadili liko hapa. Ndege hiyo haipo. Shirika ambalo rangi zake zimepakwa pengine halipo pia. Lilikufa zamani, au halikuwa na ndege ya aina ile hata siku moja. Mchoraji amelipa shirika lisilokuwapo ndege isiyokuwapo, na akaandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa. Je, amesema uongo?

Plato wa Uyunani angalijibu upesi. Katika kitabu chake juu ya dola alitoa mfano wa kitanda: kiko kitanda cha asili kilicho katika fikira tupu, kiko kitanda cha seremala kinachokiiga kile, na kiko kitanda cha mchoraji kinachokiiga cha seremala. Kwa hesabu hiyo mchoraji yuko mbali na kweli kwa hatua tatu. Mchoraji wa ndege za kompyuta yuko mbali zaidi, maana kati yake na ndege ya chuma yuko mtu mwingine aliyekwisha kuiga umbo lake, na yeye huja nyuma kuliiga vazi lililovikwa umbo hilo. Ikiwa mchoraji wa kitanda alistahili kufukuzwa mjini, huyu angalistahili kuvushwa bahari. Watu wa pwani wana kauli fupi kuliko ya Plato wasemapo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini methali hiyo yataka kusikilizwa vizuri kabla ya kufanywa hukumu. Mkakasi haulaumiwi kwa kuwa mzuri, wala kwa kuwa mti. Hulaumiwa kwa ahadi: ung'avu wake umeahidi kitu ambacho ndani hakimo. Aliyeufungua alitumaini johari. Kwa hiyo uongo haumo katika rangi; umo katika tumaini ambalo rangi imelitia katika moyo wa mtazamaji kwa kukusudia. Anayefungua programu ya kuigiza urukaji anajua kabla ya kuifungua kuwa ndani hamna ndege. Hakuna aliyepanda akitumaini kufika. Hapo mashtaka ya Plato hupungua nguvu, ingawa hayafi.

Na kabla ya kuwahukumu wachoraji wa ndege za kompyuta, ni haki kutazama kwanza rangi za ndege zenyewe, zile za chuma, ili ijulikane kama huko ndiko kweli inakokaa.

Rangi juu ya ndege ya chuma ina uzito. Koti zima la rangi katika ndege kubwa hufikia mamia ya kilo, na kila kilo huchoma mafuta katika kila safari. Shirika la American Airlines liliziacha ndege zake nyingi kwa miaka mingi zikiwa na alumini iliyosuguliwa ikang'aa, mpaka lilipobadili sare yake mwaka 2013. Rangi hubadili hata mwendo. Mwaka 1996 Concorde moja ya Ufaransa ilipakwa bluu kwa ajili ya kutangaza kinywaji cha Pepsi. Concorde zilikuwa nyeupe kwa sababu mwili wake uliwaka joto ulipokwenda kwa mwendo wa mara mbili ya sauti, na weupe hurudisha joto angani. Ile ya bluu ilionywa isizidishe dakika 20 katika mwendo huo. Hapa vazi lilimtawala mvaaji. Katika kompyuta ndege hiyo hiyo hupakwa bluu, nyekundu au nyeusi kama mkaa, na isipungue mwendo hata kidogo. Tofauti hii yafaa kukumbukwa: rangi ya kweli hulipiwa kwa joto, kwa mafuta na kwa muda, na rangi ya mfano hulipiwa kwa usingizi wa mchoraji tu.

Hata hivyo, kulipiwa si sawa na kusema kweli. Ndege nyingi zirukazo duniani si mali ya shirika ambalo jina lake limeandikwa ubavuni. Zimekodiwa kwa makampuni ambayo kazi yake ni kununua ndege na kuzikodisha, na abiria hayajui hata kwa majina. Mkataba ukiisha, ndege huingia karakana, huvuliwa sare moja na kuvikwa nyingine, na mwezi unaofuata inamsalimu abiria mwingine kwa lugha nyingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo; wangaliziona ndege hizi wangalistaajabu jinsi nguo ya kuazima inavyoweza kusitiri, tena kwa miaka. Abiria anayesema, "Nimepanda ndege ya nchi yangu," mara nyingi amepanda ndege ya mtu wa Ireland iliyovaa nguo ya nchi yake. Hakuna anayeliita jambo hilo uongo.

Iko rangi nyingine mbaya zaidi. Tarehe 2 Februari 2013 ndege ndogo iliyovaa sare ya Alitalia, lakini ikiendeshwa na shirika la Carpatair la Romania, iliteleza nje ya njia katika uwanja wa Fiumicino, Roma. Asubuhi iliyofuata watu waliona ndege ile bado iko majanini, nayo imepakwa chokaa ya usahaulifu: jina na alama za sare zimefunikwa kwa rangi nyeupe usiku ule ule. Mwezi Septemba mwaka huo huo ndege ya Thai Airways iliacha njia ilipokuwa ikitua Bangkok, na nembo ya mkiani ikafunikwa kwa weusi mbele ya macho ya watu na kamera. Desturi hii ni ya zamani katika biashara ya ndege, na waliofanya hivyo hawakuwa wa kwanza. Sababu yao yafahamika: mwenye jina hataki jina lake lifungamane na ajali. Lakini rangi hii ndiyo mkakasi hasa, tena mkakasi uliogeuzwa, maana kusudi lake ni kumfanya mtazamaji asitambue alichokitazama. Chuma ni cha kweli, rangi ni ya kweli, ndoo na ngazi ni za kweli, na kitendo ni cha kuficha. Mchoraji wa ndege isiyopo, akikesha ili jina lililofutika lisomeke tena, yuko upande wa pili wa mizani.

Kwa hiyo kipimo cha kuwa kitu ni chuma au ni picha hakifai kupimia ukweli. Kinatakiwa kipimo kingine, na pengine kitapatikana katika habari ya shirika lililo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili kuliko mengine yote.

Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946, nalo likaanza kwa ndege ndogo za mabawa mawilimawili zilizoitwa Dragon Rapide. Mwaka 1960 lilipata Comet, na mwaka 1966 likaanza kupokea ndege zilizokuwa fahari yake, Super VC10. Ndege hiyo ya Kiingereza, iliyobeba injini zake nne nyuma karibu na mkia, ilibuniwa kwa kufikiria viwanja vya Afrika vilivyo juu na penye joto, kama Nairobi, ambako hewa nyepesi hunyima mabawa nguvu. Shirika lilipata tano. Kwa kuwa lilikuwa mali ya nchi tatu, ndege zenyewe ziligawanywa katika daftari za usajili: herufi 5H zilikuwa za Tanzania, 5Y za Kenya, na 5X za Uganda. Mkiani mwa kila moja iliandikwa nchi yake, na ubavuni mwa zote liliandikwa jina moja. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo maana ya jumuiya iliandikwa kwa brashi kwa ufupi kuliko hapo.

Mwaka 1977 shirika lilikufa kwa madeni na ugomvi wa wenyewe, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo. Kenya na Tanzania zikaunda mashirika yao mwaka ule. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda lake mwaka 1976. Super VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza. Huko Jeshi la Anga lilizifungua matumbo, likatia matangi, likazifanya ndege za kuzinywesha mafuta ndege nyingine angani. Zilivuliwa rangi za Afrika Mashariki, zikavikwa rangi za kivita, na kila moja ikapewa namba mpya: iliyokuwa 5H-MMT ikawa ZA147, iliyokuwa 5Y-ADA ikawa ZA148, iliyokuwa 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa duniani, ikawa ZA150. Zilitumika miaka mingi katika jeshi kuliko zilivyotumika katika Afrika. Tarehe 25 Septemba 2013 ile ZA147 iliruka safari ya mwisho iliyorukwa na VC10 yoyote, na siku moja kabla yake ZA150 ilitua Dunsfold ihifadhiwe.

Wanafilosofia wana kisa cha kale cha merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa mmoja mmoja mpaka usibaki wa asili, nao wakabishana kama ni merikebu ile ile. Hobbes aliongeza chumvi katika kidonda alipouliza: lau kama mtu mwingine angaliziokota mbao kuukuu na kuziunga tena, ipi ingalikuwa merikebu ya Theseus? Kisa cha VC10 ni kisa hicho kilichogeuzwa ndani nje. Chuma hakikubadilishwa, kilichobadilishwa ni nguo, jina, kazi na bwana. Sasa ipo ndege ya kijivu katika Uingereza, ambayo mabawa yake ndiyo yaliyotua Embakasi na Entebbe na Dar es Salaam, na mtu wa Afrika Mashariki akipita mbele yake hawezi kuitambua. Na ipo picha katika kompyuta ya kijana wa Mwanza au wa Mombasa, isiyo na chuma hata cha kutengeneza sindano, ambayo mzee aliyepata kufanya kazi uwanjani akiiona hutambua kabla ya kuvaa miwani. Ipi kati ya hizo ni ndege ya East African?

Jibu la haraka ni kusema kila moja ni nusu: huku mwili na huku sura. Jibu hilo lapendeza lakini halitoshi, kwa sababu shirika halikuwa mwili wala sura. Lilikuwa ahadi kati ya watu: kwamba aliyelipa nauli Kampala angehudumiwa na fundi wa Nairobi na rubani aliyefunzwa Soroti, na kwamba deni la mmoja lingekuwa la wote. Ahadi hiyo ilipovunjika, chuma kilibaki kizima na rangi ilibaki mbichi, na shirika lilikuwa limekufa. Basi wala ndege ya Dunsfold wala picha ya kompyuta si East African Airways. Zote mbili ni mirathi.

Na mirathi ina sheria zake, ambazo watu wa pwani na bara wanazifahamu pasipo kufundishwa na Hobbes. Mtu akifa, nguo zake hazichomwi. Baada ya matanga hutolewa, hukung'utwa na kugawiwa jamaa. Mpwa akipita mtaani na koti la mjomba wake marehemu, hapana anayemwita mwongo. Watu husema, "Koti la fulani lile," na marehemu hukumbukwa kwa dakika moja katika kinywa cha mpita njia. Mpwa hakudai kuwa mjomba. Amelibeba koti tu. Lakini mpwa huyo huyo akilivaa koti lile akaenda kwa mtu asiyejua habari za msiba, akachukua mkopo kwa jina la mjomba, amekuwa mwizi, na koti lililokuwa halali asubuhi limekuwa haramu mchana. Koti halikubadilika, kilichobadilika ni kile alichowaaminisha watu kwalo.

Hiki ndicho kipimo kilichokuwa kikitafutwa, nacho hutenganisha mambo ambayo kipimo cha Plato kiliyachanganya. Mchoraji anayeivika VC10 ya kompyuta sare ya East African amevaa koti la mjomba. Anayeivika sare hiyo ndege ya Boeing 787, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 2009, miaka zaidi ya 30 baada ya shirika kufa, amelivaa koti lile katika sherehe ambayo mjomba hakuishi kuiona. Wako wanaochukizwa na jambo la pili. Husema kuwa ni kughushi historia, na kwamba kijana asiyejua atadhani shirika lilikuwa na ndege hiyo. Hofu yao si ya bure. Lakini wachoraji wenye adabu huandika wazi kuwa sare ni ya kubuni, na neno hilo moja lafanya kazi ya shahidi. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa filamu juu ya mwaka 2001, na ndani yake abiria wa anga za mbali wanasafiri kwa chombo chenye alama ya Pan Am. Pan Am ilikufa Desemba 1991. Mwaka 2001 ulipofika hapakuwa na chombo kile wala shirika lile. Hakuna aliyemshtaki Kubrick kwa kughushi. Watu waliona kuwa alikuwa akitamani, na kwamba matamanio ya wakati mmoja ni sehemu ya historia ya wakati huo.

Boeing 787 yenye sare ya East African ni matamanio pia, na matamanio ni neno zito kuliko linavyosikika. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Jumuiya ilirudi, nayo imepata wanachama ambao ile ya kwanza haikuwa nao. Shirika la ndege la pamoja halikurudi. Kila nchi ina mkia wake. Shirika la Uganda lilifungwa mwaka 2001, likafufuliwa mwaka 2019. Katika hali hiyo, kijana anayekesha akilichora jina moja juu ya ndege mpya hafanyi mzaha. Anauliza swali ambalo mikutano mingi haikulijibu, naye analiuliza kwa rangi kwa kuwa haalikwi mikutanoni.

Walakini papo hapo ndipo hatari ilipojificha, nayo haitoki kwa kijana anayebuni bali kwa yule anayeiga kwa uaminifu mkubwa. Ndege ya kompyuta huwa safi mno. Wachoraji hodari wamejifunza kutia masizi ya injini, vumbi la magurudumu na mikwaruzo ya milangoni, na kazi zao ni bora kwa hiyo. Lakini hakuna brashi inayoweza kuchora deni. Mtazamaji huona mkia unaometa juu ya mawingu ya Kilimanjaro, na moyo wake hulainika, na humwambia mwenzake kuwa zamani mambo yalikuwa mazuri. Haoni washirika waliogombania mapato, wala wafanyakazi waliokwama ugenini siku ndege ziliposimama, wala miaka iliyopita mpaka mwaka 1984 ndipo nchi tatu zilipokubaliana namna ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Kumbukumbu tamu isiyo na sababu ya kifo hufundisha kosa lile lile lirudiwe. Hapa mchoraji hawezi kujitetea kuwa kazi yake ni rangi tu. Aliyechukua jukumu la kumkumbusha mtu amechukua pia sehemu ya jukumu la kile kinachosahauliwa, na mistari miwili mitatu ya maelezo, iliyoandikwa chini ya kazi yake, haimgharimu kitu.

Huenda ikasemwa kuwa hayo ni kumtwisha mchezaji mzigo wa mwanahistoria. Ndiyo, ni mzigo. Lakini watu wamekwisha kuonyesha kuwa rangi ya mkia si jambo la mchezo kwao. Mwaka 1997 British Airways iliiondoa bendera mikiani na kuweka michoro ya sanaa za mataifa mengi. Margaret Thatcher alipoonyeshwa mfano mdogo wa ndege ile, alitoa leso akaufunika mkia. Haikupita miaka mingi bendera ikarudi. Na mwaka 2019 shirika hilo hilo liliipaka Boeing 747 moja sare ya BOAC, shirika lililokwisha kuunganishwa katika British Airways mwaka 1974, na watu wakasimama kwenye nyua za viwanja kuitazama ikitua. Ikiwa shirika lenye wanasheria na wahasibu huvaa koti la mzazi wake kwa furaha, si ajabu kuwa mtu mmoja mwenye kompyuta hutaka kufanya vivyo hivyo, wala si ajabu akitakiwa kufanya kwa heshima.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu. Super VC10 za East African zilikuwa tano, na zilizorudi Uingereza zilikuwa nne. Ya tano, ambayo kwa kuhesabu ndiyo ya kwanza, ilikuwa 5X-UVA. Tarehe 18 Aprili 1972 ilishindwa kuondoka katika uwanja wa Addis Ababa, ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka. Watu 43 walikufa kati ya 107 waliokuwamo.

Je, herufi hizo zichorwe mkiani? Katika programu ya kuigiza urukaji Addis Ababa ipo, njia ya kurukia ipo, na hakuna mlinzi wa kumzuia mtu asiirudie siku ile kwa burudani. Yupo atakayefanya hivyo, kwa kuwa katika kila mtaa yupo anayecheka msibani. Wengine kwa sababu hiyo husema herufi zile ziachwe, na mchoraji achague nyingine kati ya nne. Shauri hilo lina huruma, lakini lina harufu ya ile rangi nyeupe ya Fiumicino. Kuziondoa herufi ili msiba usikumbukwe ni kufanya kwa moyo mwema kile ambacho wengine walikifanya kwa hofu ya hasara. Marubani hurudia ajali za zamani katika mitambo yao ya mafunzo, wala hapana anayewaita wakatili, kwa sababu wanarudia ili wajue mahali pa kusimamia. Isitoshe, 5X-UVA iliruka miaka kadhaa kabla ya siku ile. Ilibeba wanafunzi waliokwenda masomoni na maharusi na wagonjwa na barua. Kuikumbuka kwa siku yake ya mwisho peke yake ni kuidhulumu, na kuidhulumu mara mbili ni kutoikumbuka kabisa.

Mchoraji aliyefika hapo, usiku, kazi yote ikiwa imekamilika ila mkia, hana kitabu cha sheria cha kumwongoza. Ngozi ya ndege imetandazwa mbele yake. Nafasi ya herufi imeachwa wazi, ndogo, chini ya injini. Akiandika 5H-MOG hakuna atakayemuuliza neno. Akiandika 5X-UVA itampasa aandike na mwaka wa sare anayoiiga, na katika maelezo yake aitaje tarehe 18 Aprili 1972 pamoja na hesabu ya waliokufa, ili kila aichukuaye ndege hiyo ajue koti alilopewa lilikuwa la nani.